Fundi Ndani ya Uzio

Mkaguzi aliikagua nyumba ya wazazi wake kwa magoti. Aliweka mkoba kwenye kochi, akavua viatu, akakunja suruali ya kazini, kisha akashuka sakafuni na kuanza kutambaa kutoka mlangoni kuelekea jikoni. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ndiye aliyeuvalisha, alisimama kando ya cherehani akimtazama. Baba yake, aliyeitwa Posta kwa sababu ndiko alikostaafia, aliinua miguu ili binti apite.

"Umepoteza nini, mama?" Fundi aliuliza.

"Sijapoteza kitu. Naangalia nyumba anavyoiona yeye."

Yeye ni Meneja, binti wa Mkaguzi, ambaye muda huo alikuwa amelala chumbani. Jina hilo alipewa na babu yake wiki aliyozaliwa, kwa kuwa hakuwa na kazi yoyote anayoifanya na bado nyumba nzima ilikwenda kwa saa yake. Sasa alikuwa ameanza kutambaa, na ndiyo sababu ya ukaguzi wenyewe. Likizo ya uzazi ya mama yake, pamoja na ile ya kuombaomba bila mshahara, zote zilikuwa zinafika ukingoni. Jumatatu moja isiyo mbali Mkaguzi angerudi kiwandani, na Meneja lazima aachwe mahali.

Mahali palikuwa pawili. Kulikuwa na kwa Fundi, na kulikuwa na kwa bibi mwingine, yule mzaa baba, ambaye sebule yake ilikuwa na kochi moja, televisheni iliyofungwa ukutani, na vigae vitupu mpaka macho yachoke. Fundi aliwahi kufika pale kwa heshima za ukwe, akarudi akisema ni nyumba nzuri sana ya kungojea daktari. Lakini moyoni alijua kwamba katika sebule ile mtoto hana cha kumeza.

Na alimtaka yule mtoto. Ni vizuri hilo lisemwe mapema, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Alimtaka asubuhi hadi jioni, pamoja na kilio chake, nepi zake na ubabe wake. Kila alipowaza Meneja akikabidhiwa kwa yule mwenye vigae, mguu wake ulikanyaga cherehani kwa hasira na uzi ukakatika.

"Mama," sauti ya Mkaguzi ilitoka chini ya meza. "Huku kuna mkasi."

"Huo ni wa karatasi."

"Una ncha."

"Mikasi yote ina ncha, mwanangu. Bila ncha ni kijiko."

Mkaguzi alisogea mpaka kwenye zulia lililo mbele ya cherehani, akainamisha kichwa kikakaribia kugusa chini.

"Pini," alisema. "Pini nyingine. Kifungo. Pini. Hiki sijui ni nini, lakini kinaingia puani."

"Hicho nilikuwa nakitafuta," Fundi alisema, akanyoosha mkono apewe.

Kiwandani kwao, ambako walitengeneza rangi za nyumba, kazi ya Mkaguzi ilikuwa kuzungukia mitambo na kuwaambia wanaume wazima wavae kofia ngumu. Wanaume hao walimwona akitokea kwa mbali wakaanza kujikagua wenyewe. Alikuwa na sauti moja tu kwa mambo yote, sauti ya taratibu isiyopanda wala kushuka, na ndiyo aliyoitumia alipoinuka, magoti yakiwa meupe kwa vumbi la chaki.

"Nyumba haijapita," alisema.

"Haijapita wapi?" Posta aliuliza.

"Kona za meza. Soketi. Kabati la sabuni. Waya wa pasi unaning'inia. Na hii sebule, Mama, hii si sebule. Hii ni karakana yenye makochi."

"Wewe si ulikulia hapa hapa?"

"Ndiyo. Na nina kovu hapa, na hapa." Alionyesha kiwiko, kisha nyusi.

"La kwenye nyusi ulianguka nje."

"Nilikuwa naikimbia pasi."

Fundi akaona mjadala huo hauna faida kwake, akauacha. Mkaguzi alivaa viatu vyake akiwa ameinamia mkoba, akaongea na mkoba. Alisema atarudi Jumapili ya mwisho kabla ya kuanza kazi. Nyumba ikipita, kesho yake anamleta Meneja. Isipopita, anampeleka kwa mama mkwe.

"Siwatishi," aliuambia mkoba. "Ningependa awe hapa."

Sasa, Posta hakuwa fundi wa kitu chochote, lakini miaka yake mingi kazini alikuwa akifunga vifurushi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kifurushi chake kilifunguka njiani. Aliitazama nyumba kwa jicho lile lile. Kwake yeye nyumba ilikuwa mzigo unaosafirishwa mbali kupitia mikono ya mtu asiyejali. Akavua koti, akaomba mpira wa viuno vya sketi ambao Fundi alikuwa nao bunda zima, akaanza kufunga.

Alifunga kabati la vyombo. Akafunga kabati la sabuni, droo zote, jokofu, na ndoo ya taka. Alikata kandambili za zamani vipande vipande, akavigundisha kwenye kila kona ya kila kitu chenye kona, hata rafu ya juu kabisa ambayo Meneja angeifikia akiwa ameshaolewa. Soketi alizibandika utepe wa gundi tabaka juu ya tabaka, kisha akagundua kwamba mojawapo ilikuwa ya jokofu. Meza ndogo ya kahawa ilimshinda, ilikuwa ya kioo na miguu ya chuma, akaiingiza chini ya kitanda.

Tatizo lilikuwa fundo. Fundo la vifurushi halifunguliwi, hukatwa, na hiyo ndiyo sifa yake. Asubuhi ya kwanza Fundi alitaka sukari. Sukari ilikuwa kabatini, kabati lilikuwa limefungwa, na mkasi wa kukatia fundo ulikuwa ndani ya droo, ambayo nayo ilikuwa imefungwa kwa usalama.

"Tumia meno," Posta alishauri.

"Meno yangu ni ya uzi. Huu ni mpira."

Wakanywa chai bila sukari. Siku ya pili Posta alijifunza fundo jingine, la kitanzi, akalifanyia mazoezi mezani kwa uso wa mtu anayesomea mtihani.

Mgeni wao wa kwanza katika nyumba mpya alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi, aliyekuja na kitambaa cha gauni la mahafali. Alikaa kochini, akashika kikombe cha chai, akatafuta pa kukiweka. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto.

"Meza iko wapi?"

"Imesimamishwa kazi," Posta alisema.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimamisha watu wengi maishani mwake, hakuona ajabu. Akashika kikombe chake mkononi mpaka mwisho.

Pini zilikuwa jambo jingine. Hapo Fundi aliingia kazini mwenyewe. Posta alitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba, na kila asubuhi na jioni waliiburuta juu ya zulia, yeye akivuta, Fundi akimwelekeza. Walipoitazama chini yake mara ya kwanza, Fundi alianza kuhesabu, akaacha. Kulikuwa na pini mpya zinazong'aa, na pini zilizoshika kutu, na pini za vichwa vya kioo ambazo duka analonunulia liliacha kuziuza zamani sana. Miaka yote hiyo alikuwa akimlaumu mwenye duka kwamba anapunja kwenye pakiti.

Zulia walilikunja wakaliondoa. Chini yake waliokota nyingine katika nyufa za saruji, moja moja, kwa ncha ya kisu. Fundi alipiga magoti kama binti yake, akapapasa sakafu kwa kiganja kitupu, kona hadi kona, na kila alipochomwa alishukuru, kwa kuwa ni yeye na si mwingine.

Lakini ukweli ulibaki pale pale. Cherehani ikifanya kazi, pini zitaanguka. Unaweza kusafisha kutwa, ukishona gauni moja umerudi ulikoanza. Na kushona hakuwezi kuachwa, si kwa ajili ya fedha tu, ingawa fedha nazo zilihitajika. Bila cherehani Fundi hakujua aweke wapi mikono yake.

Posta ndiye aliyekuja na uzio. Alivunja kitanda cha zamani, akachukua chaga zake, akazipigilia zikawa uzio wa kumfika mtu mzima kiunoni, wenye kimlango. Wazo lilikuwa jepesi: Meneja awekwe ndani na vitu vyake vya kuchezea, dunia yenye pini ibaki nje. Siku Mkaguzi alipokwenda kuchukua sare mpya za kazini aliwaachia mtoto kwa muda mfupi, wakafanya jaribio.

Meneja aliwekwa ndani. Alikaa, akatazama upande huu wa chaga, akatazama upande ule. Hakulia mara moja. Alimtazama kwanza babu yake, kisha bibi yake, akamrudia babu, taratibu, kama mtu anayekariri sura za waliohusika. Ndipo akafungua mdomo. Posta alikuwa amefanya kazi kwenye kaunta ya malalamiko, lakini hakuwahi kulalamikiwa hivyo. Alimtoa, akambeba, akatembea naye sebuleni huku na huko mpaka Mkaguzi aliporudi na kuuona uzio.

"Baba, mlikuwa mmemfungia?"

"Usalama," Posta alijitetea. "Mwenyewe ulisema."

Mkaguzi akashika chaga, akazitikisa kuona kama ni imara. Zilikuwa imara. "Kazini hatufungii watu," alisema. "Tunafungia mashine." Akamchukua binti yake akaondoka.

Fundi alikuwa ameshika chaki akichora kiuno cha gauni la Mwalimu Mkuu. Mkono wake ukasimama. Alimaliza mstari, akaweka chaki chini, akaita.

"Posta. Sogeza hicho kidude chako huku."

"Huku wapi?"

"Huku kwangu. Zungushia cherehani."

Posta aliburuta uzio mpaka kwenye pembe ya cherehani, akauzungushia, akapigilia ncha zake ukutani. Ndani zikaingia cherehani, meza ya kukatia, pasi, mkasi, kikopo cha pini na kikapu cha vitambaa. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama kazi yake, akamwona mke wake akifungua kimlango na kuingia.

"Na wewe?"

"Cherehani haijiendeshi," Fundi alisema, akaketi.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Posta ameweka komeo gumu upande wa nje, chini kabisa, mahali mkono wa aliye ndani haufiki. Kaunta zote alizozijua maishani zilifungwa upande mmoja, na hakuwaza kwamba upande wa pili kungekuwa na mkewe. Fundi hakumwambia abadilishe. Aliona ni bora hivyo. Komeo la ndani angelifungua ovyo ovyo, mara anakwenda jikoni, mara mlangoni, na pini zingetoka naye. Sasa kila alipotaka kutoka alilazimika kumwita mtu, na kabla ya kumwita alijikung'uta mikono, akakagua nyayo za ndala zake, akakung'uta pindo la sketi. Alikuwa makini kupita kiasi. Mwenyewe alijiona amefika mahali ambapo hata kiwandani kwa binti yake wangemwita akawafundishe.

Mara moja Posta alikwenda dukani akasahau. Mwalimu Mkuu alipofika kupima gauni alimkuta Fundi amesimama nyuma ya chaga, mikono juu ya uzio, akitazama mlango.

"Kosa lako nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Pini."

"Unatoka lini?"

"Jumapili kuna ukaguzi."

Mwalimu Mkuu akavaa gauni juu ya nguo zake, akasogea kwenye uzio, akanyoosha mikono. Fundi alimpima akiwa ndani na mteja akiwa nje. Akamzungusha, akabana kiuno, akabana bega, akamwambia pumua, akamwambia usipumue. Ilikuwa kazi nzuri kama nyingine. Mwalimu Mkuu alimwambia kwamba shuleni kwake ana walimu kadhaa ambao wangefaa kufundisha kwa mtindo huo.

Jumapili ikafika. Gauni la mahafali lilikuwa bado linadai pindo, na Fundi, ambaye hakulala vizuri kwa wasiwasi, aliingia ndani ya uzio tangu asubuhi ili mikono yake iwe na la kufanya. Posta alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi kana kwamba anayekaguliwa ni yeye.

Mkaguzi alimkabidhi baba yake mtoto. "Shikamoo Baba. Shikamoo Mama." Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka.

Alichukua muda wake. Alibonyeza kandambili za kila kona kwa kidole gumba. Alivuta mpira wa kabati, ukarudi na kupiga mbao. Alipapasa chini ya makochi mpaka begani. Alilala kifudifudi akaitazama sakafu kwa jicho moja, jinsi seremala anavyotazama ubao, ili kitu chochote kinachong'aa kijioneshe. Hakuna kilichong'aa. Posta alimfuata nyuma kwa hatua ndogo, Meneja akiwa begani mwake, wote wawili wakitazama chini. Fundi alisikiliza ule ukimya wa binti yake ukizunguka nyumba nzima, chumbani, jikoni, bafuni, na sindano yake ikaendelea na pindo.

Mwishowe Mkaguzi alitambaa akafika kwenye uzio. Akainua macho. Kati ya chaga mbili akamwona mama yake ameketi, gauni la watu magotini, miguu ameibana pamoja ili asichukue nafasi.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Nimefungia mashine."

Mkaguzi hakuinuka. Alibaki pale sakafuni, mikono chini, akimtazama mama yake kupitia chaga za kitanda. Uso wake haukuwa uso wa kazini tena, na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa karibu, alichelewa kupata wa kubadilishia.

"Komeo liko nje," alisema.

"Ndiyo."

"Unatokaje?"

"Naita."

Mkaguzi akafungua komeo, akasimama.

"Imepita," alisema.

Fundi alitaka kusema neno la kiutu uzima, labda asante, labda tumshukuru baba yako. Aliweka gauni mezani, akajikung'uta mikono, akakagua nyayo, akakung'uta pindo, akatoka. Na hapo Mkaguzi akamkumbatia.

Hawakuwa watu wa kukumbatiana hawa. Walikuwa watu wa kuulizana kama umekula. Walipopokeana kwenye vituo vya mabasi, walipokeana mizigo. Harusini kwake Mkaguzi alikumbatiwa na ukoo mzima, na mama yake akamnyoosha kola. Kwa hiyo jambo lile lilimkuta Fundi hana habari. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe kuja katikati yao, lakini ulichelewa. Binti alikuwa ameshamfikia, amembana kwa mikono yote miwili, uso shingoni mwake.

"Aa," Mkaguzi alisema, akaruka nyuma.

Akatazama kifua cha blauzi yake. Palikuwa na tone jekundu, dogo, linaanza kusambaa. Kisha akatazama kifua cha mama yake. Upande wa kushoto, juu kidogo ya moyo, pini zilikuwa zimepangwa mstari, vichwa vyekundu, vya bluu, vya njano, kama nishani za mtu aliyepigana vita virefu. Mwishoni mwa mstari ilining'inia sindano yenye uzi wake.

Posta alikohoa.

"Hapo hatukukagua," alisema.

Fundi alijitazama. Hakukumbuka kuzichomeka. Hakukumbuka kwa sababu hakuwahi kuamua. Tangu ujana wake, pini ikitoka kwenye kitambaa ilikwenda mdomoni, na mdomo ukijaa ilikwenda kifuani, na mikono ilifanya hivyo bila kumwuliza. Alikuwa amepapasa sakafu ya nyumba nzima kwa kiganja. Kifua chake hakukipapasa.

Meneja, begani kwa babu yake, alinyoosha mikono kwa bibi. Alitaka kubebwa, na alitaka kubebwa pale pale penye rangi.

"Mpeleke kwa bibi yake," Fundi alisema.

"Mama."

"Mpeleke kule kwenye vigae. Mimi sijui nimeziweka lini hizi. Kesho nitaziweka tena na sitajua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayotumia kumwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Lakini alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili.

Mkaguzi akakaa kochini. Alibonyeza kidole kwenye lile tone, akakitazama kidole, akalibonyeza tena. Posta alitegemea atafungua mkoba na kutoa hukumu. Badala yake Mkaguzi akainua mkono wake wa kulia, akaukunja mbele ya kifua, kiganja kikiwa wima, kama mtu anayezuia mlango.

"Hivi," alisema. "Ulikuwa unafanya hivi."

"Nini?"

"Nikitoka shule. Nakuja mbio kukukumbatia, unaweka mkono hivi. Siku zote, Mama. Mpaka nikaacha kuja."

Fundi aliutazama ule mkono. Aliutambua. Ulikuwa wa kwake, na kwa muda wote alioishi nao hakuwahi kuuona ukiwa upande ule.

"Nilikuwa nakukinga," alisema.

"Hukusema."

"Nilikuwa na pini mdomoni."

Hakuna aliyecheka, ingawa Posta baadaye alisema kwamba ilikuwa karibu. Mkaguzi alishusha mkono, akauweka juu ya goti lake lenye alama za sakafu. Alionekana kama mtu anayefanya upya hesabu ndefu ambayo jibu lake alishalizoea.

"Mimi nilijua hupendi," alisema. "Nikasema basi, ndivyo alivyo. Wengine mama zao wako vile, wangu yuko hivi. Sikukuchukia. Nilizoea."

Fundi aligeuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Posta na binti yake walisikia kabati likivutwa, mpira ukigonga mbao, vitu vikianguka, na sauti ya mtu anayelaumu fundo. Mlango ulipofunguliwa, Fundi alikuwa amevaa shati la zamani la kazi la mumewe, lile la kijivu, lililokuwa likimfika magotini. Halikuwa limewahi kukaribia cherehani, kwa kuwa Posta alikataa katakata lipunguzwe. Alikuwa amekunja mikono yake juu, na amelipapasa kifuani kwa kiganja mara nyingi kiasi kwamba kitambaa kilikuwa kimejikunja.

Alitembea akapita kando ya uzio bila kuutazama, akasimama mbele ya kochi.

"Haya," alisema. "Simama. Rudia."

Mkaguzi alisimama. Ni mrefu kuliko mama yake, ilibidi ainame, na hakuna kati yao aliyejua vizuri kichwa kinakaa wapi na mikono inapita juu au chini. Waligongana kidevu. Walijaribu upande huu, wakahamia ule. Mkono wa kulia wa Fundi uliinuka tena, mpumbavu yule, ukaja katikati, na Fundi akaushika kwa mkono wake wa kushoto akaushusha, akauzungusha nyuma ya mgongo wa binti yake na kuukaza huko.

Wakakaa hivyo. Meneja alianza kulalamika kwamba zamu yake inaliwa, na babu yake akamwambia angoje, kuna mtu alikuwa kwenye foleni kabla yake.

"Kesho nitamleta asubuhi," Mkaguzi alisema, mdomo ukiwa ndani ya shati. "Ukitoka mle ndani, unavaa hili ndiyo unamshika. Kila mara. Hata akilia."

"Ni shati la baba yako."

"Baba atavaa jingine."

Posta alitaka kuuliza kama amepewa nafasi ya kutoa maoni, akaona haikuwapo.

"Nilikuwa napenda," Fundi alisema. Aliyatamka maneno moja moja, mdomo ukiwa mtupu. "Ukiingia mlangoni na begi lako. Nilikuwa napenda sana."

Mkaguzi alisema amesikia, na hakumwachia.